Swali ya Saba

Siku ya Mungu, 14 Marsi 1993

Leo nilihesabu batu mbele ya ibada, gisi nafanyaka kila siku ya Mungu. Sitini na moya. Ku Noeli tulikuwa mia mbili na zaidi! Upande ya koro ya Tshiluba, luga ya batu ya Kasai, biti ya kuikalia yote bule, paka mama moya muzee tu, kitabu ya nyimbo imefungwa pa magoti yake. Hakuimba. Mi pia sikuimba muzuri.

Pastere Ngeleka alihubiri dakika kumi. Kumi! Ule mutu, tangu namujua, hajamaliza mahubiri mbele ya saa moya kupita. Nyuma ya ibada aliniita mu biro, akafunga mulango, akasema kwa sauti ya chini: Mama Odile, choma fishe, zile karatasi ya manyumba. Choma na kaye ya majina. Leo, si kesho.

Nilikasirika. Hapa hakuna mutu atasoma, basi naandika kweli: nilikasirika sana. Myaka tatu ya miguu yangu! Nyumba mia mbili na kumi na ine, kila moya mi mwenyewe nilipiga odi, mu vumbi ya Kasulo, mu matope ya Mutoshi, nyuma ya kufundisha masomo asubuhi yote. Ni ile fishe njo ilitupatia selile kumi na ine, bikundi bidogo ya maombi mu manyumba ya batu, na mu selile njo kanisa ilitoka. Tulianza batu saba! Saba, na mutoto moya analia!

Misionere Osvald njo alituletea ile kazi. Alisema: musipande kanisa fasi hamujui batu, muulize kwanza. Kila nyumba fishe moya, maswali kumi. Swali ya tatu, baba ya nyumba anatoka wapi. Swali ya saba — ile Osvald aliipenda kuliko yote — kama mutu anakufa mu nyumba hii, banalia mu luga gani? Alisema mutu anaweza kudanganya kabila yake mbele ya biro ya serikali, lakini ku matanga hakuna mutu anadanganya. Luga ile banalilia, njo mu ile batasikia Neno ya Mungu. Tulicheka. Kumbe alikuwa na haki! Fasi tulipanda selile mu luga ya kilio, batu balijaa mbio.

Fishe haina majina, iko na numero tu, gisi banafanya mu hospitali. Majina iko mu kaye yangu. Osvald mwenyewe alitaka vile. Kisha pillage ya 1991, wakati basoda balipora yote, ikamutoa, alikimbia na valize moya, hatukumuona tena.

Nilijibu pastere: Bakubwa ya kanisa ya Lubumbashi banakuya kufanya kontrole mwezi ya ine, nitabaonesha nini? Majivu? Na ile mwezi ya ine banataka kuniwekea mikono, mwanamuke ya kwanza mu jimbo yetu kuwa mwinjilisti kamili. Hilo sikumuambia. Alijua. Aliniangalia tu, akasema: Kaye kwanza, mama. Nilisema sawa, nitaona.

Nitaona!

Kazi mbili, 16 Marsi

Nimechoma kaye. Mu mbabula ya makala, chini ya sufuria ya majani ya sombe. Inachoma pole pole, karatasi ya masomo, kurasa moya kwa moya.

Sababu ni hii. Asubuhi bajeune ya parti ya siasa balipita mu avenue yetu, kitambala nyekundu mu kichwa, banaimba kama batu ya Kasai barudi kwao. Kwao wapi? Pastere Ngeleka alizaliwa hapa Kolwezi! Baba yake aliletwa kuchimba shaba wakati ya Bazungu, na kaburi yake iko hapa. Balipiga mawe pa bati ya nyumba ya pastere. Mama Mushiya, muke yake, alikuwa ndani na mimba yake ya miezi tisa. Hakuna mutu alitoka kusema kitu. Mi nilisimama nyuma ya mulango yangu na chokaa bado mu vidole.

Fishe niliacha mu kabati, mu biro ya kanisa. Haina majina, itasema nini?

Saa kumi Valérie alikuya kuomba chumvi. Valérie ni jirani ya mbele, na ni rafiki. Kila mutu anajua ni mutu ya Kongolo, ya Katanga hapa hapa. Jina, Swahili yake, gisi anakoroga bukari, yote ni ya huku. Paka mi njo najua: fishe 131. Swali ya tatu, Kongolo. Swali ya saba, Tshiluba. Alisimama na kisahani yake, hakuangalia chumvi. Aliniuliza: Odile, ile siku uliniuliza maswali, uliandika?

Nilimuambia nimechoma. Akauliza: yote? Nikasema: yote.

Bon, nilidanganya. Ni karatasi tu, haina majina.

Iko nyumba kumi na tisa ya namna ile, baba ya huku, kilio ya Kasai. Bakina Mukendi, bakina Ntambwe, bale kila mutu anabajua, banafunga bitu yao na banaenda ku gare kungoja train ya Kasai. Lakini hawa kumi na tisa banabaki, banasalimia batu mu njia, banacheka na bajeune kabisa. Hakuna mutu anajua. Paka Mungu, na mi.

Kazi ine, 18 Marsi

Pastere ameenda ku gare. Mi nilibeba matela mu kichwa, yeye valize na mashini ya kushona, Mama Mushiya alitembea katikati yetu anashika tumbo. Tulipofika pa barabara ya goudron aligeuka akaniambia: Odile, ku nyumba kuko sombe mu sufuria, usiache ioze. Njo neno yake ya kuagana. Nililia mu njia ya kurudi, bila haya.

Nilipofika nilikuta Kisimba anaandika na chokaa pa mulango ya pastere: OCCUPÉ, ni kusema nyumba imeisha kupata mwenyewe. Kisimba! Muzee ya kanisa yetu, ule anagawanyaka mukate ya Meza ya Bwana. Sasa iko mu komite ya kugawanya manyumba. Alinisalimia muzuri sana, mama huku, mama kule. Alisema kazi ya Mungu haiwezi kusimama juu ya mutu moya, na kwamba yeye ni mutu ya inchi, mutu ya Dilolo, Mulunda safi, na inchi iko na benyewe.

Nilimuomba chokaa yangu. Ilikuwa ya masomo! Alinirudishia kipande.

Posho, 20 Marsi

Nilienda ku gare na bukari mu beseni. Mungu yangu. Batu elfu na elfu, pa ke ya train, mu wago ya zamani, chini ya turubai ya plastiki, na mvua ya mwezi ya tatu haihurumie. Batoto banakohoa kila fasi. Train hakuna. Banasema kesho. Tangu wiki banasema kesho.

Pastere Ngeleka nilimukuta amesimama mu matope anagawanya batu kumi na mbili, kumi na mbili. Kila kikundi mutu moya ya mayi, mutu moya ya bagonjwa, mutu moya ya maombi. Nilishangaa: we, hata hapa unapanda selile? Akacheka, ndevu yake haijanyolewa. Akasema: Osvald angefurahi, hapa swali ya saba ni rahisi, bote banalia luga moya.

Nilicheka na mi. Kisha nilisikia haya ya kucheka.

Mama Mushiya alikuwa analala pa ile matela, uchungu inakuya na inaenda. Alinishika mukono nguvu.

Pastere akaniuliza: umechoma? Nikasema: kaye, ndiyo. Akauliza: na fishe? Niliinamia beseni yangu. Sijawahi kumuona gisi aliniangalia pale. Hakunifokea. Alisema tu: Odile, enda. Enda sasa, kimbia.

Nilikimbia. Mwanamuke ya myaka arobaini na moya, beseni mu kichwa, nilikimbia mbele ya batu. Kabati ya kanisa ilikuwa wazi. Fishe hakuna, ata moya. Tangu pastere aondoke lufungulo ya biro iko mbili: moya yangu, moya ya Kisimba.

Siku ya Mungu, 21 Marsi

Batu tisini na tano. Sura mpya. Bengine balikuya na biti ya nyumba ile balipewa. Kiti moya naijua, ni ya Mama Ntambwe, nimeikalaka pale mara ngapi kujaza fishe yake!

Kisimba aliongoza. Alisoma barua ya Lubumbashi, ya mukubwa ya kanisa. Inasema tusihuzunike, Bwana amefungua shamba mpya. Manyumba inajaa batu ambao bado hatujabafikia. Tutengeneze fishe mpya haraka, nyumba kwa nyumba, mbele makanisa mengine bakuye. Plan ya kupanda kanisa Dilolo haibadilike. Kiti ya pastere iko bule, basi Mama Odile ashike parwasi, na muzee Kisimba amusaidie. Kuwekewa mikono: siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi ya ine.

Batu balipiga makofi. Mi nilisimama nikainama kichwa gisi inafaa.

Myaka kumi nilitaka ile kazi. Kumi! Nilirudi ndani nikapanguza ile kiti ya Mama Ntambwe.

Kazi moya, 22 Marsi

Kisimba alikuya saa sita, nikiwa pa meza. Bajeune mbili balibaki pa mulango. Alisogeza sahani yangu, akapanga karatasi moya kando ya ingine, gisi mutu anapanga karata. Fishe kumi na tisa. Anajua kusoma, ule mutu, alikuwa karani.

Akasema iko kitu inamusumbua. Swali ya tatu inasema baba ni mutu ya Katanga. Swali ya saba inasema Tshiluba. Namna gani?

Nilisema ni makosa ya bic, kalamu iliteleza.

— Makosa kumi na tisa? We mwalimu, unakatiaka batoto alama juu ya virgule moya imekosa!

Nilisema kaye ya majina nilichoma. Akasema anajua, majivu haisumbue mutu. Lakini ku Noeli, alisema, Mama Odile ulisimama mbele ya kanisa yote ukasema majina, numero moya mpaka mia mbili na kumi na ine, bila karatasi, bila kukosea. Mi Kisimba njo nilianza kupiga makofi. Unakumbuka?

Nakumbuka. Ee, nakumbuka sana! Kila asubuhi mbele ya kuenda ku masomo naombeaka zile nyumba, numero na jina, numero na jina. Nilifanya vile myaka tatu. Na ku Noeli nilitaka batu baone. Naandika kweli: nilitaka makofi. Kaye unaweza kuchoma. Kichwa utachoma na nini?

Na sasa kitu ile niliona pa meza. Fishe ya juu, ile Kisimba alikuwa anagongagonga na kidole, ilikuwa 88. Fishe 88 ni nyumba yake!

Mama yake alikufa mwaka ya 1990, kule Mutoshi. Mi nilienda kupikia batu ya matanga. Siku tatu bamama bakubwa yake balilia mu Tshiluba, na yeye mwenyewe, usiku ya kwanza, alianguka chini akaita mama yake mu ile luga. Nilisikia na masikio yangu. Kisha nilipomupigia odi na maswali yangu alijibu: Kilunda, sisi ni batu ya Dilolo. Mi mwalimu! Niliandika ile nilisikia, si ile aliniambia. Yeye anafikiri fishe yake inasema Kilunda. Anagonga nyumba yake na kidole na hajui, numero yake ku Noeli hakuishika.

Sikusema. Bajeune balikuwa pa mulango na mapanga. Na mu nyumba 88 kuko batu sita, na Jessica, mutoto yake, anaikala mbele mu klase yangu, na maandishi yake ni muzuri kuliko ya bote.

Alinipa mpaka kazi tatu nimutajie majina ya zile nyumba kumi na tisa. Alisema kwa upole: kama hutaki, mama, mi siwezi kuzuia bajeune kusema we njo ya ishirini. Kisha akanirudishia sahani yangu mbele yangu. Bukari ilikuwa imekauka.

Kazi tatu, 24 Marsi

Nimemupa majina kumi na tisa. Yote ya batu bale beko ku gare tayari. Ntambwe, Badibanga, Mianda, bengine. Nilisema bila kusimama, gisi ya Noeli. Kisimba aliandika yote. Alinishukuru!

Nilijiona mwerevu sana. Saa moya nzima.

Mama moya ya soko ananiambia Mama Mushiya amezaa mutoto mwanamuke, mu wago ya bitu, na yeye na mutoto bazima. Siwezi kuenda kubaona. Kijana moya ya kitambala nyekundu anaikala pa ngambo ya njia tangu asubuhi, anakula muwa, ananiangalia.

Kazi ine, 25 Marsi

Nilimuambia Valérie. Yote. Fishe, Kisimba, uongo yangu ya chumvi.

Alinipiga kofi. Mbele sijawahi kupigwa na mwanamuke, ata na mama yangu nilipokuwa mukubwa. Kisha akaikala chini pa simenti na akauliza kama niliandika bana yake tatu. Nilisema niliandika hesabu tu: batu tano.

Nilimuomba aende ku gare leo, na bana, na pastere Ngeleka atamupokea. Alinijibu: nikienda ku gare nimejitaja mwenyewe, bwana yangu atafukuzwa ku kazi na nyumba itaandikwa chokaa mbele ya jua kuanguka. Nikibaki, nabaki mu kinywa yako. Odile, kinywa yako! Ulikuwa unatafuta nini mu kilio yetu?

Nilisema: nilitaka muokolewe.

Aliondoka bila kufunga mulango.

Kazi tano, 26 Marsi

Bamejua. Balizunguka na majina yangu, nyumba kwa nyumba, na kila fasi chokaa ilikuwa pa mulango tayari. Bamecheka Kisimba mu njia, banasema muzee anafukuza batu bale tulisha kufukuza! Njo kitu imemuuma, kuchekwa. Sasa anatafuta batu bale bangali mu manyumba yao, ili basimuchekee tena.

Alikuya na shefu ya bajeune, Kabemba. Kabemba ni mwanafunzi yangu ya zamani. Alitoka ku masomo mwaka ya pili, baba yake hakuwa na namna. Hajui kusoma, ata jina yake anaandika na shida. Nilimuona mara ngapi mu soko na sikumuambia ata siku moya: rudi, nitakufundisha jioni. Nilikuwa na mbio, nilikuwa nafanya fishe.

Aliniita mwalimu. Hakunipiga. Alisema kesho nitaikala mu biro ya kanisa mpaka nimalize, na kwamba hapendi batu bamufanye mujinga. Kisimba alikuwa anaangalia ukuta ya nyumba yangu, dari, madirisha. Nilielewa anaipima.

Nilifikiri kukimbia. Wapi? Ku gare, kama nani? Kwa dada yangu Dilolo, barabara iko na barriere tatu ya bajeune. Na nikiondoka, batasema Odile alikimbia juu ya nini, na batachukua avenue yote, nyumba kwa nyumba, mpaka bapate kumi na tisa, ao bachoke. Bao habachoke.

Posho, 27 Marsi

Niko mu biro ya kanisa. Balifunga na lufungulo, ile ya Kisimba. Yangu balichukua.

Kabemba alitafuta mu sakoshi yangu. Alitoa hii kaye. Aliifungua, akageuza kurasa, aliishika juu chini. Kila kitu iko humu, Valérie, 88, yote. Mi mujinga, nilichoma kaye moya nikajaza ingine! Kisha akairudisha, pamoya na bic na karatasi moya safi. Alisema: andika, mwalimu. Sasa banafikiri naandika majina. Kwa hiyo naandika, bic isisimame, bao basikie inakwaruza.

Fishe kumi na tisa iko pa meza. Ukuta iko na alama ya kalendari ya Osvald. Dirisha ni ndogo, haipitishe kichwa. Naona kipande ya njia na mbuzi ya batu.

Mchana Jessica alikuya pa dirisha. Baba yake alimutuma na chupa ya mayi na muhogo ya kuchoma. Alisema: bonjour maîtresse. Akauliza kama kazi moya kutakuwa masomo. Nilisema tutaona, Jessica, urudi nyumbani mbio. Alienda anaruka. Nilikula muhogo yote. Nilikuwa na njala, Mungu anisamehe, na ilikuwa tamu.

Nilijaribu kuomba. Siwezi! Nikifunga macho, numero inakuya na jina yake, moya, mbili, tatu. Kuomba kwangu ni ile tu. Nilisimamisha. Nimekuwa mwinjilisti anaogopa kuomba.

Nafikiri hivi. Nikitaja Kisimba kwa kinywa mbele ya Kabemba, batamukata pale pale, na muke yake, na Jessica. Na nikimutaja nakubali kwamba fishe inasema kweli, na batanirudia: kama 88 ni kweli, basi 131 ni nani? Nikinyamaza, ni mi ya ishirini, na kesho batakuta mutu mungine ya kubasomea maisha ya batu. Nikidanganya tena, Kisimba atajua.

Kabemba amepita sasa hivi chini ya dirisha. Anasema bajeune bakusanyike mu kanisa, na muzee Kisimba atasoma majina kwa sauti, polepole, ili kila mutu asikie na hakuna mutu aseme hakusikia. Hataki tena karatasi ipite mu mikono. Amesema mwenyewe: hapa katikati yetu paka muzee njo anajua kusoma.

Paka muzee. Nimesikia muzuri.

Kisha nilichukua karatasi safi. Niliandika jina moya, muzuri, herufi ya klase ya kwanza, juu kabisa. KISIMBA. Chini yake: 88, kilio ya Mutoshi, 1990. Basi. Fasi ya jina kumi na nane niliacha bule.

Si Kabemba nimemuandikia. Ataisoma mutu moya tu, na bote batakuwa banamuangalia mu kinywa. Sijui kama hii ni kuokoa ao ni kuua. Ni mara ya kwanza natumia ile fishe juu ya kumutisha mutu, na niliandika bila kusita, njo kitu inaniogopesha. Anaweza kuikunja na kusema fishe ni ya bule, Mama Odile ni mukichaa, twende kwetu. Anaweza kusoma jina yangu pale. Anaweza kusoma jina ya mutu yeyote ile inamukuya mu kichwa, ata ya Valérie bila kujua.

Banaingia mu kanisa, nasikia biti. Batu mingi. Hii kaye naiweka ndani ya kikwembe nimejifunga, pa tumbo.

Kisimba iko anafungua. Anakohoa. Anabaambia bale ya nyuma: munyamaze, mi nitabasomea yote, mpaka ya mwisho.

Asome.